Kumchagulia mtoto mdogo mahali pa kulelewa mchana: tazama mikono ya mlezi kabla ya rangi za ukutani

Wanyama waliochorwa ukutani, midoli iliyopangwa kwa rangi na viti vidogo vinavyong'aa hununuliwa ndani ya wiki moja. Kisichonunulika haraka ni mtu mzima anayekijua kilio cha kila mtoto, anayechuchumaa ili macho yao yalingane anapozungumza naye, na ambaye mwaka ujao bado atakuwa palepale. Ukitafuta malezi ya mchana kwa mtoto wa chini ya miaka 5, unamtafuta mtu huyo, kisha unahakikisha amepewa nafasi ya kuifanya kazi yake: watoto wachache, chumba salama, na mwenzake wa kumpokea akichoka.

Anza kutafuta miezi 3 hadi 6 kabla ya siku utakayohitaji nafasi. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, anza hata wakati wa ujauzito. Nafasi za wachanga ni adimu kwa sababu ya hesabu tu: mlezi anayeweza kuwamudu watoto 8 wa miaka 4 hawezi kuwamudu wachanga zaidi ya 3 au 4, kwa hiyo mchanga mmoja anakigharimu kituo mara mbili au zaidi. Anayeanza kutafuta wiki moja kabla ya kurudi kazini huchukua palipobaki, na mara nyingi ipo sababu ya pale kubaki.

Aina nne, na udhaifu wa kila moja

Malezi ya ndugu yana upendo ambao hakuna mkataba unaoweza kuudai. Udhaifu wake ni mazungumzo. Ni vigumu kumwambia bibi kwamba siku hizi mtoto halazwi kifudifudi, na ni vigumu zaidi kumwachisha kazi mtu usiyemlipa. Ukichagua njia hii, kubalianeni kabla ya siku ya kwanza juu ya mambo manne: namna ya kulala, chakula, adhabu na televisheni. Semeni mapema pia kwamba mtapitia upya makubaliano baada ya mwezi mmoja, ili marekebisho yasije kuonekana kama lawama.

Yaya wa nyumbani humpa mtoto mikono miwili ya peke yake na kitanda alichokizoea. Lakini hakuna anayemwona akifanya kazi, na akiugua huna wa kushika nafasi yake. Mlezi anayepokea watoto nyumbani kwake huwa na kundi dogo la umri mchanganyiko, jambo linalowafaa wadogo; hapo uliza ni nani wengine wanaoishi au kuingia katika nyumba ile saa za malezi, kuanzia vijana wakubwa na wageni hadi mbwa. Uliza pia nani anapika, maana mlezi aliye jikoni hayuko na watoto. Kituo kina macho mengi na watu wa akiba, ila walezi hubadilika zaidi na maradhi huzunguka. Mtoto anayeanza kituo si ajabu apate mafua karibu kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Huo peke yake si ushahidi wa uchafu. Panga tu siku zako za ruhusa kazini ukilijua hilo.

Kwa maoni yetu, chini ya miezi 18 udogo wa kundi na kudumu kwa mlezi mmoja vina uzito kuliko jambo lingine lolote, ratiba ya masomo ikiwemo. Kuanzia miaka 3, wenzake wa kucheza nao na michezo iliyofikiriwa vizuri huanza kuhesabika sana.

Simu ya dakika 10

Kabla ya kwenda popote, piga simu na uulize: Je, mmesajiliwa, na ukaguzi wa mwisho ulikuwa lini? Chumba cha umri wa mtoto wangu kina watoto wangapi na walezi wangapi? Mnafungua na kufunga saa ngapi? Mlezi wa chumba hicho ana muda gani hapo? Na swali la kuchuja kuliko yote: mzazi anaruhusiwa kuingia saa yoyote bila kutoa taarifa?

Jibu la swali la mwisho likianza na "ila", chunguza hiyo "ila". Kumwomba mzazi asigonge wakati watoto wanalala ni jambo la maana. Kumtaka apige simu saa moja kabla, au aishie getini daima, ni sababu ya kutosha ya kufuta mahali hapo kwenye orodha. Mlango wa kituo ufungwe kwa wapita njia, usifungwe kwa mzazi.

Idadi ya watoto kwa mlezi mmoja

Hiki ndicho kipimo kinachobashiri mengine. Mlezi mwema mwenye watoto wengi mno hugeuka mlezi mkali. Si kwamba roho yake imebadilika. Mikono yake haitoshi. Mwongozo wa afya na usalama unaoungwa mkono na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unataka mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya mwaka mmoja, na kundi lisizidi watoto 6. Mlezi 1 kwa watoto 4 wenye miezi 13 hadi 35, kundi lisizidi 8. Mlezi 1 kwa watoto 7 wa miaka 3, kundi lisizidi 14. Na mlezi 1 kwa watoto 8 wa miaka 4 na 5, kundi lisizidi 16. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu zaidi ya hapo. Tumia idadi hizi kama mstari wa kupimia: ukikuta wachanga 5 kwa mlezi mmoja, jiulize nini kitatokea wawili wakilia njaa, wa tatu akatapika, na kengele ya moto ikalia. Mtu mzima ana mikono miwili tu.

Zingatia namba zote mbili. Wachanga 12 na walezi 4 katika chumba kimoja wana uwiano mzuri wa karatasi, lakini kelele, vilio na maradhi ni vya watoto 12, na hakuna mlezi anayejua kwa hakika nani anamhusu nani. Uliza moja kwa moja: "Mtoto wangu atakuwa wa nani?" Mahali pazuri hutaja jina bila kufikiri.

Uwiano huchakachuliwa kwa namna tatu. Ya kwanza, meneja, mpishi na mfagizi huhesabiwa kama walezi. Ya pili, vyumba huunganishwa asubuhi na mapema na jioni, saa ambazo watoto wamechoka na walezi wengine wameshaondoka. Ya tatu, wakati wa usingizi walezi wote huenda kula, akabaki mmoja au asibaki yeyote. Kwa hiyo hesabu kwa macho yako, vichwa vya watoto na vya wakubwa waliomo chumbani humo, na uhesabu tena saa nyingine.

Kwenda kuona

Nenda mara mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ziara ya kwanza, ile ya miadi, ni ya ukarimu, na ya pili, usiyoitangaza, ndiyo ya jembe. Iweke ile ya pili kwenye saa ngumu: nusu saa kabla ya chakula cha mchana hadi watoto walale, au saa ya mwisho kabla ya kufunga. Saa 4 asubuhi kila kituo ni kizuri.

Usizungushwe tu. Omba kukaa kwenye kiti pembeni ya chumba kwa saa nzima bila kuongea. Dakika 20 za mwanzo walezi watajitahidi kwa ajili yako. Baada ya hapo kazi itawazidi na utaanza kuona mazoea yao.

Chukua karatasi, uigawe mara mbili, na kwa dakika 10 umfuatilie mlezi mmoja. Upande wa kushoto weka alama kila anapomjibu mtoto: mtoto anaonyesha kitu naye anakitaja, anatoa sauti naye anairudisha, anauliza na kusubiri jibu. Upande wa kulia weka alama kila anapotoa amri au katazo: kaa, acha, njoo, nyamaza. Chumba kizuri hakikosi amri, lakini kushoto kutajaa zaidi. Hayo majibizano madogo ndiyo yanayojenga lugha na utulivu wa mtoto, hata kabla hajajua neno moja. Kulia kukijaa, bango la herufi ukutani halitasaidia.

Mtoto anapolia, hesabu sekunde hadi mtu aelekee kwake au amwite kwa jina. Si lazima abebwe papo hapo. Mlezi mwenye mtoto mwingine mkononi anaweza kusema, "Nimekusikia, naja," na akaenda kweli. Kinachotia shaka ni kilio kinachopita dakika kadhaa bila uso wowote kugeuka, au mtoto kuambiwa kwamba hakuna kilichomliza.

Watazame watoto wanavyokupokea. Wakikutupia jicho kisha wakarudi kwenye mchezo, au mmoja akamkimbilia mlezi wake na kukuchungulia toka nyuma ya mguu, ni dalili njema. Wote wakikuvamia wakitaka kubebwa na mtu wasiyemjua, huenda wana njaa ya mikono. Sikiliza pia sauti ya chumba. Watoto 8 wa miaka 2 walio macho wakikaa kimya, hiyo si adabu. Ama wanaogopa, ama televisheni imewashwa.

Kuhusu televisheni na simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 uko wazi: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekewe skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora. Mwongozo huohuo unasema mtoto asifungwe kwenye kiti, kigari au mgongoni kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, na mchanga asiyetambaa apate walau dakika 30 kwa siku za kulala kifudifudi akiwa macho na anaangaliwa. Kwa hiyo hesabu viti vya kubembea na viti vya kufungia watoto. Vikiwa vingi kuliko mikeka ya sakafuni, umeshajua siku zinavyopita pale.

Mahali pa kulala

Hapa usikubali maelewano. Mchanga alazwe chali kila usingizi, wa mchana na wa usiku, juu ya godoro gumu na bapa linaloenea kitanda bila kuacha pengo. Ndani ya kitanda kuwe na shuka lililobanwa tu. Mto, blanketi, mdoli laini na mapazia ya kuzungushia pembeni havitakiwi mpaka atimize mwaka, kwa sababu mchanga aliyefunikwa uso hana nguvu wala ujuzi wa kujifunua. Anayeweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili anaweza kuachwa alivyojigeuza, ila kulazwa aanze chali. Fito za kitanda zisiachane zaidi ya sentimita 6, na vitanda viachane karibu mita 1 ili kikohozi cha mmoja kisiwe cha wote.

Kochi ni mahali pa hatari kwa mchanga kulala, na kiti cha gari si kitanda: shingo hukunjika na njia ya hewa hubanwa. Mtoto aliyelala njiani atolewe kitini mara anapofika. Uliza wanawaangalia waliolala kila baada ya muda gani, na ni nani aliye nao. Jibu sahihi ni kwamba yupo mtu mzima chumbani au anayewaona na kuwasikia wakati wote, na kwamba mwanga unatosha kuona rangi ya uso. Kifaa cha kusikilizia sauti peke yake hakitoshi, kwani mtoto anayekosa hewa kwa kawaida hapigi kelele.

Nepi, maji na maziwa

Omba kuona mtoto akibadilishwa nepi. Vifaa viwe vimeandaliwa kabla ya mtoto kulazwa, mkono mmoja usimwachie mtoto hata sekunde moja, afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, nepi chafu iende kwenye pipa lenye mfuniko, mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, meza ifutwe kwa dawa, kisha mlezi naye aoshe mikono yake vivyo hivyo. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya mikono, hasa mlezi anapokuwa peke yake na mwingine analia. Kosa la pili ni sinki moja kutumika kuosha mikono ya nepi na kuosha vyombo vya chakula. Ukiona hivyo, huna haja ya kuuliza kwa nini kuhara kunazunguka.

Chupa ziandikwe jina na tarehe. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba na siku 4 kwenye friji. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya kunyonya yamwagwe ndani ya saa 2. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa yatumike ndani ya saa 2, au ndani ya saa 1 tangu mtoto aanze kunywa, na yakiwekwa friji mara moja yasizidi saa 24. Yapashwe kwa kuichovya chupa kwenye maji ya moto. Maikrowevu huacha sehemu zinazochemka katikati ya maziwa yanayoonekana ya vuguvugu. Mchanga ashikwe anapolishwa. Ukikuta chupa imeegemezwa kwenye mto huku mtoto amelala, mahali hapo pana upungufu wa watu, hata wakikataa.

Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu kali ya botulizimu. Karanga nzima, peremende ngumu na vipande vya mviringo vinavyoziba koo visiwe mezani kwa wa chini ya miaka 4; zabibu zikatwe kwa urefu. Midoli ipimwe kwa kipimo rahisi: kitu kinachopita kwenye bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumpalia mtoto. Betri ndogo za duara zina hatari ya pekee, kwani zikikwama kooni huchoma nyama ndani ya saa chache, kwa hiyo kifuniko cha betri cha kila mdoli kifungwe kwa skrubu.

Ndoo yenye maji ya sentimita 5 inatosha kumzamisha anayejifunza kutembea, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake. Angalia bafuni na uani. Maji ya moto ya bombani yasizidi nyuzi 49. Dawa na sabuni ziwe juu na zimefungwa, soketi zifunikwe, kamba za mapazia zisining'inie, ngazi ziwe na vizuizi juu na chini, na mlango wa dharura usiwe stoo ya viti vilivyovunjika. Uliza waliwatoa watoto wote kwa mazoezi ya moto lini mara ya mwisho na ilichukua dakika ngapi. Aliyefanya hakosi namba.

Maswali yanayodai kisa, si ndiyo au hapana

Ukiuliza "Je, mnawapiga watoto?" utajibiwa hapana kila mahali. Badala yake mwombe mlezi mwenyewe, siyo meneja, akueleze mara ya mwisho jambo fulani lilipotokea.

"Mara ya mwisho mtoto alipomng'ata mwenzake, ulifanya nini?" Jibu zuri lina mpangilio: aliyeng'atwa alihudumiwa kwanza, aliyeng'ata aliambiwa kwa maneno machache kwamba kung'ata kunaumiza, wakatenganishwa, wazazi wote wawili wakaarifiwa bila kutajiana majina, na mlezi akaangalia ni saa gani na hali gani inayoleta ung'ataji. Kati ya mwaka 1 na miaka 3 kung'ata ni jambo la kawaida. Mlezi anayesema "kwetu halitokei" hajui watoto wa umri huo au hataki ujue. Anayesema humng'ata naye ili ajifunze, muage.

"Mchanga akilia saa nzima na wewe umechoka kabisa, unafanyaje?" Hili watu wengi huona haya kuliuliza, na ndilo linaloweza kuokoa maisha. Unataka kusikia kwamba humlaza chali mahali salama, humwita mwenzake, hutoka kidogo kupumua, kisha hurudi. Na kwamba mtoto hatikiswi kamwe, kwani kutikiswa kwa sekunde chache huweza kuchana mishipa ya damu kichwani. Anayejibu kwamba yeye hachoki bado hajajibu.

"Asiyetaka kulala anafanywaje? Asiyetaka kula? Aliyejikojolea?" Sikiliza kama kuna kulazimishwa, kuaibishwa mbele ya wenzake, au kunyimwa chakula. Uliza pia mara ya mwisho walimrudisha mtoto nyumbani kwa ugonjwa gani. Wachanga wa chini ya miezi 3 wenye joto la nyuzi 38 au zaidi wanatakiwa kwa daktari bila kusubiri, na mlezi alijue hilo bila kukumbushwa. Kila saa ya kufungua awepo mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza ya watoto, pamoja na kumfufua mtoto na kumsaidia aliyekwama kitu kooni. Akuonyeshe cheti na tarehe yake, maana mafunzo haya hurudiwa, kwa kawaida kila miaka 2.

Kuhusu ulinzi dhidi ya udhalilishaji: hakuna mtu mzima anayejifungia na mtoto mahali pasipoonekana, milango ya vyumba ina kioo au hubaki wazi, na asiyechunguzwa rekodi yake, awe fundi au ndugu wa mwenye nyumba, haachwi peke yake na watoto. Anayekuja kumchukua mtoto awe kwenye orodha uliyoiandika, na aonyeshe kitambulisho. Ukitaka kupima, mtume siku moja ndugu aliye kwenye orodha lakini hajawahi kuonekana pale. Akipewa mtoto bila kuulizwa chochote, una la kuzungumza na meneja.

Mwisho uliza walezi wangapi wameondoka mwaka huu. Chini ya miaka 3, kila mlezi anayeondoka ni mtu wa karibu anayetoweka bila maelezo. Nusu ya walezi wakibadilika kila mwaka, kuna tatizo la mshahara au la uongozi, na mtoto ndiye atakayelipa.

Karatasi

Soma cheti cha usajili na uangalie tarehe, anwani na idadi ya watoto iliyoruhusiwa, kisha uilinganishe na vichwa ulivyohesabu. Usajili ni kiwango cha chini. Unakuambia mahali hapo pameruhusiwa, haukuambii ni pazuri.

Mkataba usiwe wa mdomo hata kwa yaya. Uonyeshe ada na kilichomo ndani yake, malipo ya kuchelewa kumchukua mtoto na yanaanza dakika ya ngapi, kama unalipa siku anazougua na siku wanazofunga, na taarifa ya kuondoka ni ya siku ngapi kwa pande zote mbili. Idhini ya dawa iwe ya maandishi: jina la dawa, kipimo, saa na sahihi yako, dawa ikiwa kwenye chupa yake ya asili. Idhini ya jumla ya "kumpa dawa inapobidi" usiisaini. Wapo watoto waliopewa dawa za mafua zinazoleta usingizi ili walale tu.

Zungumza na wazazi wawili watatu uliokutana nao mlangoni, wala si wale tu waliochaguliwa na kituo. Usiwaulize kama wanaridhika, maana karibu kila mzazi husema ndiyo. Uliza ni jambo gani waliwahi kulalamikia na lilichukua muda gani kurekebishwa.

Wiki mbili za kuzoea

Woga wa kuachwa huanza karibu na miezi 8 na huwa mkali kati ya miezi 10 na 18. Ukiweza kuchagua, anza kabla au baada ya kipindi hicho. Usipoweza, ongeza siku za kuzoea. Siku 2 za mwanzo kaa naye chumbani saa moja, mlezi akiongoza mchezo nawe ukizidi kusogea pembeni. Siku ya 3 aga na utoke dakika 15 hadi 30. Siku ya 4 mwache saa 2 pamoja na mlo mmoja, siku ya 5 mpaka aamke usingizini. Wiki ya pili iende kutoka nusu siku hadi siku nzima. Ukiona siku fulani imemwelemea, irudie kabla ya kwenda mbele.

Usitoroke. Mzazi anayeponyoka mtoto akiwa mchezoni hupata asubuhi moja ya utulivu na wiki nzima ya mtoto anayemganda, kwa kuwa mtoto amejifunza kwamba wewe hupotea wakati wowote. Kuaga kwa dakika tano nako hakusaidii. Sentensi moja ileile kila siku, busu, mkono wa mlezi, basi. Kitambaa chenye harufu ya nyumbani humtuliza aliyetimiza mwaka. Kwa mchanga, kumbuka kisiingie kitandani.

Kulia asubuhi kwa wiki kadhaa ni kawaida iwapo hutulia ndani ya dakika 10 hadi 15. Simama nje ya dirisha usikilize, au omba ujumbe mfupi akishatulia.

Akishaanza

Endelea kuingia saa zisizotabirika, mara moja au mbili kwa mwezi. Weka nukta ya kalamu kwenye nepi ya asubuhi: akirudi nayo jioni, taarifa ya "alibadilishwa mara nne" haina maana. Angalia chupa zinazorudi zimejaa, mtoto anayekunywa kwa pupa afikapo nyumbani, usingizi mzito usio wa kawaida, au hofu mpya ya mtu mmoja, ya bafu au ya kuvuliwa nguo.

Magoti na vipaji vya nyuso vya wanaojifunza kutembea huwa na alama, na kila ajali iandikwe na usomewe siku hiyohiyo. Lakini alama ya damu kuvilia kwenye kiwiliwili, masikio au shingo ya mtoto wa chini ya miaka 4, na alama yoyote ya namna hiyo popote kwa mchanga wa chini ya miezi 4 au kidogo zaidi, ni ya kuonyeshwa kwa daktari leo. Piga picha yenye tarehe, mpeleke, na umwondoe huku ukisubiri majibu. Taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto haingoji mkataba uishe.

Kwa mambo madogo, sema na mlezi kwanza, ana kwa ana, jioni ya siku ileile, wala si mlangoni asubuhi mbele ya wengine. Lisiporekebishwa ndani ya wiki mbili, andika kwa meneja. Ukiamua kumhamisha na hakuna hatari, mpe mtoto siku chache za kuaga, kisha siku ya mwisho chukua dawa zilizobaki, nakala ya kumbukumbu zake za chanjo na ajali, na uombe kwa maandishi picha zake ziondolewe kwenye matangazo ya kituo.